Ulimi wa Papa Augustin

Mkongomani akishuka Guangzhou huuliza mambo matatu: pa kulala, pa kubadilisha dola, na pa kunywa bia. Mawili ya kwanza mtu yeyote wa mtaa wa Dengfeng, kule Xiaobei, angekujibu, hata muuza simu aliyefika juzi. Kwa la tatu ulipelekwa kwa Papa Augustin, na Papa Augustin hakuwa mtu wa kujibu kwa pupa. Alikutazama usoni, akakuuliza kwenu mnakunywa nini, unapenda povu la kukaa au la kupita, umekula au hujala, ndipo akakwambia: wewe nenda pale. Watu walikwenda, na waliporudi walimshukuru kama mtu aliyewatafutia mchumba.

Hakuna aliyembishia, kwa sababu kazi yake ilijulikana. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa mwonjaji katika kiwanda cha bia Lubumbashi, mtu anayelipwa aamke, asipige mswaki, asinywe chai, aingie kwenye chumba cheupe, aonje, ateme, aseme. Kiwanda kilipopunguza watu alikuja China kununua viatu. Viatu vikamshinda, kama vinavyowashinda wengi, akabaki kuwa mwenyeji wa wageni. Aliwapeleka sokoni asubuhi, na jioni akawapeleka kunywa.

Mwaka ule wa elfu mbili na saba mji ulikuwa ukijengwa kama unafukuzwa, na katika ujenzi huo, tangu miaka michache nyuma, zilikuwa zimezuka nyumba za bia zinazojipikia zenyewe, bia inayotoka kwenye pipa kwa mpira na si kwenye chupa. Zilikuwa chache, na Papa Augustin alizijua zote. Tatu ndizo alizozisifu. Ya kwanza ilikuwa Huanshi Zhonglu, ghorofa ya pili juu ya duka la mabegi. Bia yao ya ngano ilikuwa na ukungu ndani, nyepesi, ya kumpa mtu anayeanza. Ya pili ilikuwa kando ya mto, vyungu vya shaba vya kupikia bia vimewekwa nyuma ya kioo ili uvione vikimeremeta. Huko ulimpeleka mtu unayetaka akuheshimu. Ya tatu, ambayo yeye aliiweka juu ya zote, ilikuwa kwa mama mmoja aitwaye Liang, kule Kangle, katikati ya karakana za kushonea nguo, chumba chenye meza tano na bia nyeusi.

"Mpaka Kangle?" Kioko alikuwa akimuuliza kila mara. Kioko alikuwa Mkamba wa Machakos, msafirishaji wa mizigo, rafiki yake wa miaka minne na mpinzani wake katika jambo hili moja. "Buda, unamtoa mtu Xiaobei mpaka Kangle, apite kwa mavumbi ya vitambaa, juu ya glasi moja? Bia ni baridi na nyama kando. Hiyo ingine ni stori."

"Chema chajiuza," Augustin alimjibu.

"Kama chajiuza, wewe unakitembeza wa nini?"

Wakacheka wote wawili, na siku iliyofuata Kioko alionekana kwa Liang na mteja wake mwenyewe.

Lakini bia ya mpira ilikuwa na tatizo kwa Wakongomani. Mkongomani hanywi chupa ambayo hakuiona ikifunguliwa. Mhudumu akikuletea chupa iliyokwisha kufunguliwa, unairudisha, na hakuna anayekuuliza sababu. Duniani kuna maadui, kuna wivu, kuna vidole vinavyopita juu ya glasi ya mwenzako. Sasa bia ya mpira haina kifuniko. Nani aliiona ikifunguliwa? Ndiyo maana desturi ya zamani ikarudi: aliyekuleta anakunywa kwanza. Anameza ukimwona, mnakaa kidogo, mnaongea, naye akiwa bado mzima, ndipo na wewe unanyanyua glasi. Kwa miaka mitano Papa Augustin alikuwa amewanywea watu wa Bukavu, wa Goma, wa Kolwezi. Kioko aliwacheka mpaka akachoka kuwacheka, kisha naye akaanza kungoja.

Mambo yalikuwa hivyo mpaka mwezi wa tatu. Jumanne moja Augustin alikuwa amesimama kwenye daraja la waenda kwa miguu simu ilipolia. Alikuwa shemeji yake, kutoka Likasi. Odilia, mke wake, alikuwa ameanguka jikoni asubuhi ile, presha, na hawakumfikisha hospitali. Augustin alisema, "Sawa, nimesikia." Chini ya daraja wateja wanne walikuwa wakimngoja awapeleke kunywa. Akawapeleka. Akaonja kwanza kama kawaida, na bia ikapita kinywani kama maji ya mvua. Alidhani ni mambo ya siku ile tu. Sasa ilikuwa imetimia miezi saba, na ladha haijarudi.

Hakumwambia mtu. Angesema, wangemkalisha matanga. Wakongomani wa Xiaobei wako hivyo: msiba wa mmoja ukijulikana, chumba cha mtu kinatolewa vitanda, watu wanaketi sakafuni, akina mama wanajifunga vitambaa kiunoni, wimbo unaanza, na wewe mwenye msiba huna pa kukimbilia mpaka ulie. Kwenda kuzika hakungewezekana. Viza yake ilikuwa imepita siku, na anayetoka katika hali hiyo harudi. Kwa hiyo hakuzika, hakukaa matanga, hakulia. Jioni ile alirudi chumbani, akachovya mashati manne kwenye beseni, akayafua, akayaanika dirishani. Kesho yake akaenda kazini. Hakuhisi uchungu. Hakuhisi kitu chochote, na hilo wala halikumtisha. Hata woga ulikuwa umekwenda zake.

Kazi iliendelea kwa sababu macho yake nayo yalikuwa yamesoma kiwandani. Aliinua glasi kwenye mwanga. Aliangalia povu linavyoshika ukingo wa glasi na linavyochelewa kushuka. Alisikiliza bia inavyomiminika, akapima baridi kwa meno. Yaliyobaki aliyatoa kwenye kumbukumbu, akayasema kwa maneno yake yale yale mazuri, na watu wakatikisa vichwa. Ulimi hauna mfupa, na wake ulikuwa umekosa na kitu kingine tena, lakini maneno haukuyakosa.

Mwezi wa kumi akaja Mama Albertine.

Alikuwa wa Bukavu, mwanamke mnene wa miaka hamsini, mpole wa sauti na mgumu wa shingo. Alikuwa na nganda, baa ya meza kumi na mbili, na sasa alitaka kitu ambacho mji wake haukuwa nacho: nyumba inayopika bia yake yenyewe. Vyungu, mapipa, mipira, vyote vya China. Alikuwa ameuza kiwanja cha baba yake, kile cha kuonea ziwa, na ndugu zake wawili walikuwa hawamsalimii kwa sababu hiyo. Augustin alikuwa amemwandikia kwamba nyumba zile tatu alizozisifu zilipika kwa vyungu vya mafundi watatu tofauti, mmoja wa Foshan, mmoja wa Panyu, mmoja wa mbali zaidi. Wangekunywa katika zote tatu. Yenye bia bora, fundi wake ndiye angepata kazi. Ndege ya mama ya kurudi ilikuwa Ijumaa.

"Papa Augustin," alisema siku ya kwanza, wakiwa wanakula wali kwa Msenegali mmoja pale Dengfeng, "miye chuma sijui. Miye najua kunywa tu. Wale mafundi wote watasema yao njo ya muzuri. Donc, ulimi wako njo utanichagulia. Nikikosea, siko na kiwanja kingine."

Pale palikuwa mahali pa kumwambia. Hakuhitaji hata kusema habari za Odilia. Angesema tu, mama, ulimi wangu unaumwa, tafuta mwingine. Lakini angeulizwa, unaumwa nini? Tangu lini? Umekula nini? Maswali yana ngazi, na ngazi ile ilikuwa inateremka mpaka kwenye jiko la Likasi. Akatazama sahani yake. "Hakuna shida, mama," akasema.

Jumanne alasiri walikuwa juu ya duka la mabegi, yeye, Albertine na Kioko. Augustin akanywa kwanza, akameza, wakaongea habari za mvua. Kisha Albertine akanywa, na badala ya kusema kitu akamtazama. Augustin naye alikuwa akimtazama yeye, akingoja uso wake umwambie kama bia ni nzuri. Wakakaa hivyo, kila mmoja akisoma kwa mwenzake, kama vipofu wawili wanaoshikana mikono kuvuka barabara.

"Ya ngano," Augustin akasema hatimaye. "Nyepesi. Ndizi mbivu kwa mbali, na karafuu kidogo mwishoni. Kwa watu wa kazi nyingi, si ya kukaa nayo."

"Voilà!" Albertine akasema, akipiga meza. "Ndizi! Nilikuwa naitafuta jina."

Kioko akanyanyua glasi yake na kuitazama. Kwa kawaida hapo ndipo angetania; safari hii aliionja tena.

Kando ya mto ilikuwa vivyo hivyo. Albertine alisimama mbele ya vyungu vya shaba kwa muda mrefu, mkono juu ya kioo, na Augustin akasema maneno yake ya asali na mkate. Lakini walipotoka nje Kioko alimvuta pembeni. "Maze, ile bia leo imekuwa flat. Imelala kabisa. Umempea mama sifa za mwaka jana." Augustin akamjibu kwamba ulimi wa Mkamba ni wa kunywea uji. Kioko akacheka, lakini kidogo.

Ikabaki Kangle.

Jumatano saa tisa walifika. Ili kufika kwa Liang unapita kwenye vichochoro ambavyo jua haliviingii, cherehani zinalia juu na chini, pikipiki za umeme zinapita na majora ya vitambaa kukuzidi urefu, na vumbi la pamba linakaa kwenye nyusi. Albertine alipita huku ameshika mkoba kifuani. Alisema kitu kimoja tu, kwamba bia inayotafutwa hivi inapaswa kuwa na sababu.

Liang alikuwa mlangoni akigombana na mtu aliyemletea shayiri iliyolowa. Alikuwa mwanamke mwembamba, nywele amezibana kwa kibanio cha nguo. Alimwona Augustin akampungia mkono aingie, kisha akarudi kwenye ugomvi wake, "meiyou, meiyou," hakuna, hakuna, huku akilipiga teke gunia. Augustin aliingia kama mtu wa nyumbani. Ndani hapakuwa na mtu. Kwa miaka mitano alikuwa akijimiminia mwenyewe pale kaunta, heshima ambayo Liang hakumpa mtu mwingine, hata mume wake. Kwenye bomba la bia nyeusi palikuwa na kitambaa kimefungwa. Akakifungua, akakiweka kando, akajaza glasi tatu.

Hapa lazima niseme jambo ambalo kila mtu wa kiwandani analijua. Mipira ya bia huoshwa kwa dawa kali, inayochubua ngozi. Baada ya kuosha, pipa linaunganishwa upya, na bia ya kwanza inayotoka inamwagwa, jagi zima, kwa sababu imechanganyika na dawa iliyobaki njiani. Mpaka imwagwe, bomba linafungwa kitambaa. Augustin mwenyewe alikuwa amewafundisha hivyo vijana wa Lubumbashi. Zamani asingehitaji kitambaa, pua ingemwambia akiwa bado mlangoni. Siku ile kitambaa kilikuwa mkononi mwake, nacho hakikumwambia kitu. Alikuwa akitembea tu mle alimozoea kutembea.

Bia nyeusi haionyeshi kitu. Aliinua glasi, na povu lilikuwa zuri, zito, rangi ya chai ya maziwa. Kioko alikuwa amebaki kizingitini, simu sikioni, akibembeleza mtu wa meli. Albertine aliketi, akaweka mkoba mapajani, akamkazia macho Augustin kooni, kama desturi inavyotaka.

Augustin akanywa. Akameza. Kitu kama joto kikapita, akakiacha kipite, kama alivyoyaacha mengine. Akanywa tena funda la pili, kubwa, ili mama aridhike.

Wakakaa kidogo. Na katika kukaa huko akaanza kusema, na siku ile alisema vizuri kuliko siku zote. "Hii, mama, njo yenye ningekuchagulia. Hii si ya kukupiga, ni ya kukukalisha. Mbele unasikia moshi. Halafu ukoko. Ule ukoko wa wali wenye umebaki chini ya sufuria, umekwaruzwa na mwiko, bado moto, umeshika mafuta ya mawese kidogo. Mtu anakuita, anakuwekea kwenye kiganja, anakwambia kula mbele watoto hawajaona. Njo hiyo. Halafu mwisho inakuwa tamu, lakini kwa mbali, sawa mtu yenye amekuaga na yuko anaangalia nyuma."

Albertine akaivuta glasi yake. "Basi nimechagua," akasema, na akanywa kama mtu anayekunywa kitu chake.

Funda lilikuwa limeingia lote kabla uso haujabadilika. Akatema mezani, akasimama, kiti kikaanguka. Alishika mdomo kwa mikono miwili, na sauti iliyotoka haikuwa neno. Liang aligeuka mlangoni, akaona kitambaa juu ya kaunta, akaona glasi, akapiga ukelele. Alikuja mbio na ndoo ya maji, akamwinamisha Albertine, akammiminia kinywani, mara ya kwanza, mara ya pili, huku akimlilia Augustin kwa Kikantoni, wewe, wewe unajua, wewe ndiye unayejua! Kioko aliitupa simu mfukoni, akaitwaa glasi yake kutoka mezani, akainusa. "Hii ni dawa!" akasema. "Augustin, hii ni dawa ya kuosha! Umekunywaje?"

Augustin alikuwa bado ameketi. Alijua kwamba anapaswa kuruka, kushika, kupiga kelele. Aliona kila kitu vizuri, kama mtu anayetazama kupitia dirisha la basi.

Walimpeleka Albertine kwa pikipiki ya vitambaa, amelala juu ya majora, Kioko akikimbia kando, mpaka kwenye zahanati nje ya Kangle. Alioshwa tena, akapakwa dawa nyeupe midomoni na kwenye ulimi. Daktari alisema alikuwa na bahati, ametema mengi. Malengelenge yangepona kwa wiki mbili. Asile cha moto, asinywe kikali, asipaaze sauti. Kioko alitafsiri. Albertine alisikiliza akiwa ameketi kwenye benchi la ukumbini, kitenge kimelowa kifuani, na muda wote macho yake yalikuwa kwa Augustin, aliyesimama karibu na ukuta.

Alipozungumza, alizungumza polepole, kwa midomo isiyokutana. "Ulikunywa wa kwanza. Nilikuona unameza. Mara mbili. Ukakaa, ukaongea maneno ya muzuri. Weye haukuungua, miye nikaungua." Akapumzika. "Kwetu mutu wa vile iko na jina."

Kioko alielewa. Jina lile likifika Dengfeng jioni, kesho Augustin hangekuwa na mteja, hangekuwa na rafiki, hangepata hata mtu wa kukaa naye meza moja. Mtu anayekunywa sumu akabaki mzima ni yule aliyeiweka. "Mama, hapana," Kioko akasema. "Huyu namjua. Huyu si mtu wa hivyo. Augustin, sema kitu! Jitetee mwenyewe basi, maze!"

Augustin alifungua kinywa ili aseme kitu, na daktari, aliyekuwa akipita na karatasi zake, akasimama ghafla. Akamshika kidevu, akamgeuzia kwenye taa. Akamwita muuguzi. Akauliza jambo kwa ukali, na Kioko akachelewa kulitafsiri.

"Anasema... anasema wewe ndiye umeumia zaidi. Ulimi wote ni mweupe. Anauliza umekaaje hapa saa nzima bila kusema. Anauliza kama husikii uchungu."

"Sisikii," Augustin akasema.

Albertine aliinuka. Akaja mpaka mbele yake, akamwambia afungue kinywa, kama anavyoambiwa mtoto, naye akafungua. Mama alitazama mle ndani muda mrefu. Alipojua anachokiona, mabega yake yalishuka.

"Haukusikia kitu," akasema. "Ile ndizi? Ile asali?"

"Nilikumbuka tu, mama."

"Nimeuza kiwanja cha baba yangu. Ukaniacha nichague kwa kukumbuka kwako." Sauti yake haikupanda, isingeweza kupanda. "Vyungu sinunui. Nitapanda ndege Ijumaa na mikono mitupu, na kaka zangu watanicheka mpaka kufa. Mais unaniambia kweli moja, mbele sijaenda. Tangu lini?"

Ngazi ile ikawa mbele yake. Alikuwa amechoka kusimama juu yake.

"Tangu mwezi wa tatu. Bibi yangu alikufa."

Kioko aligeuka. "Odilia? Augustin, mwezi wa nne uliniambia ananisalimu!"

"Nilisema."

"Na matanga?" Albertine akauliza. "Matanga yalikaliwa wapi? Kwa nani?"

"Hayakukaliwa."

"Nani alilia?"

"Hakuna. Huku hakuna."

Mama Albertine alimtazama. Hasira yake haikuwa imekwisha, na isingekwisha siku ile wala mwaka ule. Kiwanja ni kiwanja. Lakini liko jambo linalotangulia hasira. Alifungua kitenge chake cha juu, kile kilicholowa, akajifunga kiunoni kwa fundo. Kisha akaliacha benchi, akashuka, akaketi sakafuni katikati ya ukumbi wa zahanati, miguu ameinyosha mbele, mgongo ukutani. Watu waliokuwa kwenye foleni, mafundi cherehani wenye vidole vilivyofungwa bendeji, wakavuta viatu vyao kumpisha.

"Mama, sakafu ni baridi," Kioko akasema.

"Vua kofia," Albertine akamwambia. "Kaa."

Kioko akavua kofia, akaketi. Wote wawili wakamtazama Augustin, naye akateremka taratibu, mkono ukutani, kama mzee, akaketi kati yao. Albertine akafumbua midomo aanze, kwa kuwa mwanamke mkubwa ndiye anayeanza, na uso wake ukakunjamana kwa maumivu. Akaweka kiganja juu ya kinywa.

"Siwezi," akasema ndani ya kiganja. "Umeniunguza. Lia weye."

Augustin alijaribu. Kilichotoka kwanza kilikuwa kikohozi. Akajaribu kusema jina lake, na jina likamkwaruza kooni, na hapo, tangu mwezi wa tatu, kwa mara ya kwanza kitu kikamuuma. Kilimuuma ulimini, kikashuka, kikauma mpaka tumboni, akashangaa kwamba mtu anaweza kuumwa namna hii na bado yuko hai. "Odilia," akasema. "Odilia. Odilia, mama yangu, umeniacha na nani?" Na sauti ikapanda yenyewe, mbaya, ya kupasuka, ikajaza ukumbi, na Kioko akaanza kulia naye kwa sababu hakujua la kufanya lingine.

Muuguzi akaja mbio. Akamtazama mwanamume mkubwa akilia begani mwa mama aliyepakwa dawa nyeupe, akamuuliza Kioko kuna nini. Kioko alimwambia kwa Kichina chake cha sokoni kwamba mke wa huyu bwana amefariki.

Muuguzi akashika kifua. Akauliza, amefariki lini?

Kioko alifuta uso kwa kofia, akamtazama rafiki yake, akamjibu kwamba ni leo.